Homa ya Alasiri

Katika nchi yote ya Kabambare, toka Wamaza hadi ng'ambo ya mto Luama, hapakuwa na mwanamke wa kumshinda Binti Amisi kwa kusuka nywele. Haya, walikuwapo watatu. Lakini mmoja alikuwa ameolewa Kasongo, wa pili alikuwa na ugomvi na kila mwenye kichwa, na wa tatu alikuwa marehemu. Kwa hiyo katika waliobaki Binti Amisi alikuwa wa kwanza, na ukipenda kusema kwamba alikuwa wa mwisho vilevile, sema, ila usiseme akiwa na chanuo mkononi.

Alisuka kwa kukaza. Msichana alitoka mapajani mwake nyusi zimepanda, macho yamemtoka kama mtu aliyetajiwa urithi wa mjomba. Lakini nywele hizo zilikaa mwezi mzima, kwa mvua na kwa shamba la pamba, bila kufumuka hata unywele mmoja. "Uzuri haubembelezwi," alikuwa akisema, huku amembana mtoto kwa magoti asikimbie.

Kukaza huko ndiko kulikomharibia jina kwa serikali. Miaka ile ya Wabelgiji, kila baada ya miezi sita, ilikuja timu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Kijiji kizima kilipangwa mstari mbele ya dispansere, Doktari akapita akishika shingo za watu, moja baada ya nyingine, akitafuta tezi. Mwenye tezi alitobolewa kwa sindano, na maji yaliyotoka yakatazamwa kwa hadubini. Aliyeshukiwa alipandishwa kamyo, lori la serikali, kwenda lazareti, hospitali ya malale, safari ya siku nzima, akachomwe sindano ndefu ya mgongo na akae huko miezi. Wengine walipona. Wengine walirudi macho hayaoni vizuri, kwa ukali wa dawa.

Sasa, mwaka uliotangulia, timu ilifika siku tatu baada ya Idi, na wasichana wote walikuwa wametoka mapajani mwa Binti Amisi. Kichwa kikivutwa namna ile ngozi huchubuka, na ngozi ikichubuka tezi za kisogo huvimba. Doktari alishika shingo za wasichana kumi na wanne, zote zina tezi. Jasho lilimtoka. Alidhani kijiji kimekwisha. Binti Amisi naye, aliposikia kamyo inatafuta abiria, aliwafunika watatu chini ya vikapu vya pamba, akaapa mbele ya kapita, msimamizi wa kijiji, na mbele ya Doktari kwamba wamekwenda Nyangwe kwa shangazi yao. Kikapu kimoja kikapiga chafya.

Tangu siku hiyo ikatoka amri: kusuka marufuku wiki mbili kabla ya kushikwa shingo. Na tangu siku hiyo neno la Binti Amisi, mbele ya mtu wa serikali, halikuwa na uzito wa chafya ile.

Yote haya yangebaki kichekesho cha kijiji kama asingeugua Mado.

Mado alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, mwenye rangi ya maji ya kunde na mdomo usiojua kufunga. Mama yake, Safi, alikuwa Kasongo kwa mumewe akinyonyesha mwingine, basi Mado aliletwa kwa nyanya yake amsaidie kuchota maji. Hakusaidia sana, lakini alikimbia vizuri. Kisha, msimu wa mvua ulipoanza, akaacha kukimbia.

Asubuhi aliamka kama mzee. Alishika ukuta, akasimama kidogo kidogo, vidole vimevimba hata kikombe hakikamatiki. "Nyanya," alisema, "magoti yangu bado yanalala. Mimi nimeamka lakini yenyewe yanakataa." Binti Amisi alimkanda kwa maji ya moto, na jua likipanda viungo vililegea, adhuhuri mtoto alikuwa uani akiwatania kuku. Lakini ikishapita sala ya alasiri, kabla ya magaribi, homa ilikuja. Ilikuja kila siku, saa ileile, kama mtu mwenye funguo za nyumba. Mtoto aliwaka, akatetemeka, na tumboni na kwapani vikatoka vipele vyekundu-vyekundu, kana kwamba mtu amemnyunyizia mawese. Sala ya isha ikipita, homa imekwenda, vipele vimekwenda, na Mado anauliza kama mboga ya sombe imebaki.

Mama Ernestine, jirani, alikuwa na maelezo yake. "Mutoto anakuwa mukubwa, ni mifupa inanyooka. Ao anaiga nyanya yake. Kwako mutu anajifunza maigizo tangu tumboni."

"Maigizo ya nani, Mama Ernestine?"

"Nimesema tu. Vikapu vinapiga chafya, magoti yanalala. Kwako kila kitu iko na roho."

Binti Amisi alicheka, maana aliyetaniwa vizuri hulipa kwa kucheka. Lakini moyoni hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshika shingo za watoto miaka arobaini, zaidi ya Doktari yeyote, na ilijua jambo. Tezi za kusukwa zilikaa kisogoni, ndogo, zenye kuuma, na baada ya wiki zilikwisha. Za Mado zilikuwa shingoni, kwapani, na hata kwenye mapaja, na alipozibonyeza mtoto hakulia. Akafumua nywele zote, akangoja siku kumi na mbili. Tezi hazikuondoka. Basi haikuwa kosa lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Binti Amisi alisikitika kutokuwa na kosa.

Jambo jingine aliliona jioni moja, anachana nywele. Ncha ya chanuo iliteleza ikamkwaruza Mado mkononi, mkwaruzo mwepesi usiotoa damu. Palepale ulipopita, vipele vikapanda kwa mstari, kama mbegu zilizopandwa kwa kamba.

Alimpeleka kwa Dominique, anfirmie, yaani muuguzi, wa dispansere. Dominique alikuwa kijana aliyesoma misheni, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi na moyo usio mbaya, ila alipenda kujua jambo kabla hajaliuliza. Aliona mtoto asubuhi, amelegea, macho mazito kwa sababu usiku hakulala vizuri. Akashika shingo. Akakuta tezi.

"Mama," akasema, "hii ni usingizi."

"Hii ni homa, mwanangu. Njoo jioni uone. Kinini uliyompa haikufanya kitu."

"Kinini ni ya malaria. Malale haisikii kinini." Akaandika jina la Mado kwenye orodha ya kamyo. Kufuatana na kanuni, mshukiwa alitakiwa kupimwa homa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mpaka Doktari afike. Asubuhi Binti Amisi alimleta mtoto mwenyewe. Jioni Dominique ndiye aliyepaswa kwenda nyumbani na kipimo chake, kwa sababu dispansere ilifungwa saa sita. Kanuni hiyo ya jioni Dominique hakumwambia mtu, maana jioni alikuwa na shughuli: huko kwa Mama Ernestine kulikuwa na malafu ya mchikichi yaliyogemwa mchana, na malafu yakingoja huchacha.

Siku ya timu ikafika.

Kijiji kilipangwa mstari tangu asubuhi na mapema. Doktari alitoka Kasongo, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, na watu walimwita Mikono Baridi, maana kushikwa naye shingo asubuhi ya mvua kulikuwa kama kupewa samaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: alikisema kama mtu anayepasua kuni. Lakini alisikiliza, na hilo kwa watu wa serikali lilikuwa ajabu.

Zamu ya Mado ilipofika, alishika shingo, akashika kwapa, akatoboa tezi; hadubini haikuonyesha mdudu, lakini malale hujificha, akakunja uso. Akashika kipaji cha uso. Baridi.

"Doktari," akasema Binti Amisi, "mutoto huyu iko na homa kila siku. Inakuja alasiri. Ngoja mpaka alasiri, utaona kwa mukono yako mwenyewe."

Doktari alichukua karatasi ya Mado kwa Dominique, akaisoma kwa kidole. "Mama, hapana. Asubuhi digri thelathini na sita na nane. Jioni thelathini na sita na nane. Siku zote. Homa hapana."

"Jioni gani hiyo?"

"Mama, usibishane na karatasi," akasema Dominique haraka, akimsogeza kwa kiwiko.

"Mimi sibishani na karatasi, ninabishana na jioni! Nani alikuja jioni?"

Doktari akamtazama vizuri, akamkumbuka. "Wewe ni mama ya vikapu."

Mstari mzima ukacheka. Hata Mado alicheka, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wale waliofunikwa, naye ndiye aliyepiga chafya. Binti Amisi aliona wazi kwamba hapo, mbele ya watu mia mbili, karatasi ilikuwa mkweli na yeye mwongo, na kwamba angeapa hata kwa kaburi la mama yake watu wangeuliza kama mama yake amekufa kweli.

"Kamyo inaondoka saa tisa," akasema Doktari. "Mutoto anakwenda."

Saa tisa. Alasiri yenyewe ilikuwa saa tisa na nusu, na homa ilihitaji muda kidogo wa kufungua mlango. Kama kamyo ingechelewa saa mbili tu, mkono ule wa baridi ungegusa kipaji kile cha moto, na hapo tena hakuna karatasi. Lakini nani ataichelewesha kamyo ya serikali? Kwa dakika kama tatu Binti Amisi alifikiri kwa uaminifu, jambo ambalo hakulizoea. Kisha akamwinamia Mado sikioni.

"Mimi nitalala. Wewe kaa karibu yangu, usiondoke, hata ukiitwa kula."

"Hata kula?"

"Haya, kula. Lakini urudi."

Zamu yake mwenyewe ya kushikwa shingo ilipofika, Binti Amisi alipiga mwayo uliowafanya watu wanne nyuma yake nao wapige mwayo, akayumba, akashuka chini taratibu kama nguo inayoanguka kutoka kambani. Akalala. Chanuo alilishika mkononi, na wala vidole havikufunguka.

Kelele zikapanda. "Binti Amisi! Amepatwa!" Mama Ernestine akapiga vigelegele, akakumbuka kwamba si mahali pake, akavigeuza kilio. Doktari aliinua kope za mgonjwa, akamwita kwa jina, akampiga makofi mepesi. Akamfinya sikio. Hakuna. Mwishowe akachukua sindano ya tezi, akamtoboa shingoni.

Basi ndugu zangu, ile sindano iliuma. Ilimuuma Binti Amisi mpaka kwenye unyayo. Lakini mwanamke aliyezaa watoto saba, watatu kati yao kwa mkunga mlevi, hawezi kushindwa na sindano. Hakusogeza hata kope. Doktari alimtazama kwa muda mrefu, akakuna ndevu.

"Huyu," akasema polepole, "mimi nataka kuangalia vizuri. Lazeni kwa baraza. Kamyo ingoje."

Wakamweka kwenye mkeka, kivulini. Mado akakaa kando yake kama mlinzi wa mgonjwa, amenyoosha miguu, akijivunia kazi hiyo hata akawafukuza watoto wengine.

Kulala kwa uongo ni kazi kubwa kuliko kulima pamba. Kwanza nzi. Alikuja mmoja, akatembea kutoka kidevuni hadi puani, akasimama hapo kupumzika, na Binti Amisi akaapa moyoni kwamba nzi huyo atamkumbuka mpaka ahera. Kisha adhuhuri ikaleta harufu ya bugali wa muhogo na dagaa wa ndakala wa kukaanga kwa mawese, na tumbo lake, ambalo halikuambiwa habari za mpango, likaunguruma.

"Mnasikia?" akasema Mama Ernestine. "Wadudu wa malale wameingia tumboni."

Mado alikula sehemu yake na sehemu ya nyanya yake, akilamba vidole karibu kabisa na pua ya mgonjwa.

Kisha wakaja wenye kusikitika. Hao ndio waliomtesa zaidi, maana mtu akilala watu humsema kana kwamba amekwisha zikwa. Mmoja alisema maskini, alikuwa mwema. Mwingine akauliza lini. Mama Ernestine alikaa kwenye gogo, akashusha sauti ya huzuni. "Mimi nilimupenda. Lakini tuseme kweli ya Mungu, sasa vichwa vya watoto wetu vitapumuzika. Mutoto wangu alipotoka kwake wiki mbili alilala macho wazi."

Vidole vya mgonjwa vilikaza chanuo. Lakini mgonjwa alikoroma tu.

Saa tisa ikapita, dereva akapiga honi. Doktari akatoka, akamwona mama bado amelala, akarudi kwenye hadubini yake. Upande wa Waislamu, muadhini akaita. Alasiri. Binti Amisi aliisali kimoyomoyo, amelala chali, akaomba pia msamaha kwa uongo uliokuwa ukiendelea.

Na homa haikumwangusha. Kwanza alihisi mguu wa Mado, uliogusana na wake, unaacha kuchezacheza. Kisha ukaanza kutetemeka. Kisha ukawa moto.

"Nyanya," akanong'ona Mado, "imekuja."

"Nyamaza," akasema Binti Amisi bila kufungua mdomo. "Lia kidogo. Si sana."

Mado hakuhitaji kufundishwa. Alijikunja, meno yakagongana, na Doktari, aliyekuwa akija kumtazama mwenye usingizi, akasimama. Akaweka mkono wake wa baridi kwenye kipaji cha mtoto. Akauondoa kama aliyegusa sufuria. Akaita kipimo, akakiweka, akangoja, akakiangalia kwenye mwanga wa jua lililokuwa bado juu ya migomba.

"Thelathini na tisa na tisa," akasema. "Dominique!"

Dominique alikuja mbio, akaona. "Doktari, imeanza leo. Jana jioni nilimpima mimi mwenyewe. Alikuwa baridi kama jiwe la mto."

"Kila jioni wewe unapima?"

"Kila jioni, Doktari. Karatasi iko."

Doktari akashika ndevu. Homa ya siku moja ni malaria, au ni malale yenyewe inaanza kupanda. Homa ya jioni arobaini ni kitu kingine kabisa. Yote yalitegemea ile karatasi. Dereva akapiga honi tena. Doktari akaelekea kumwambia ampandishe mtoto.

Hapo ndipo mwenye usingizi akaanza kuota. Kwanza aliguna. Akageuza kichwa. Akasema kwa sauti nyembamba ya kutoka mbali, kama mtu aliye chini ya kisima: "Karibu, Dominique... karibu, mwanangu, leo umekuja... jana hukuja... juzi hukuja... ah, ulikuwa kwa Ernestine... malafu matamu, ee... leta kibuyu..." Akanyamaza, akatafuna hewa, akakoroma.

Watu wakamtazama Dominique. Dominique akatazama viatu vyake. Mama Ernestine akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

"Mgonjwa anaota, Doktari," akasema Dominique. "Malale inaleta ndoto."

Doktari aliichukua karatasi ya Mado, na safari hii hakuisoma kwa kidole, aliisoma kwa macho. Akashuka mstari kwa mstari. Akafika chini.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne, Doktari."

"Jua iko wapi?"

Dominique akaonyesha. Lilikuwa bado juu ya migomba.

"Hapa wewe umeandika jioni ya leo. Thelathini na sita na nane. Na jioni ya kesho." Akageuza. "Na kesho kutwa."

Doktari hakupiga kelele. Alikunja karatasi ile mara nne, akaiweka mfukoni, na hilo lilimwogopesha Dominique kuliko kelele. Kisha akapiga magoti mbele ya Mado kama mtu anayeanza upya.

"Homa inakuja siku ngapi?"

"Tangu mahindi yalipokuwa mafupi," akasema Mado huku anatetemeka. Akanyoosha mkono kuonyesha kimo. Sasa mahindi yalikuwa yamevunwa.

"Saa hii?"

"Saa hii tu. Usiku inakwenda. Asubuhi magoti yanakataa kuamka."

Doktari akashika magoti, yamejaa kama maembe mabivu. Akashika vifundo vya mikono, vidole, tezi za kwapani. Akabonyeza chini ya mbavu za kushoto, akakuta bandama imekuja kumlaki. Akasikiliza moyo kwa muda mrefu, na Mado, ajabu, alinyamaza. Akainua nguo, akaona vile vipele vya mawese tumboni. "Asubuhi hapana kuwa hapa," akasema, kwa mtu asiyekuwapo.

Ndipo mgonjwa wa mkekani alipojigeuza usingizini, akatupa mkono, na ncha ya chanuo ikapita juu ya mkono wa Mado, kwa bahati tu, kutoka kiwikoni hadi kifundoni, mkwaruzo ulionyooka kama njia ya nywele. Doktari aliutazama. Vipele vikapanda kimoja kimoja, kwa mstari. Akautazama mstari, akamtazama aliyeuchora, akarudia mstari.

"Dominique, njoo. Tazama, usiandike. Tazama." Akamshika kijana mkono, akamwekea kwenye goti la mtoto, kwenye kwapa, kwenye bandama, kwenye ngozi inayowaka. "Wewe umeona tezi, umesema malale. Mimi pia nilisema. Lakini ugonjwa huu hapana kaa mahali moja. Viungo, ngozi, tezi, bandama, na siku moja unaweza kushika moyo. Wadudu hapana. Ni mwili yenyewe inawaka, hakuna mutu aliiwasha. Mimi niliona mutoto kama huyu mara moja, Ulaya, nilikuwa mwanafunzi. Ukitazama goti tu, unakosa. Ukitazama shingo tu, unakosa. Ukikuja asubuhi tu..."

Akachukua orodha ya kamyo, akalikata jina la Mado kwa mistari miwili.

Alitoa aspirini, akaeleza ngapi na saa ngapi, na kwamba zimezwe baada ya chakula, tumbo lisichomeke. Maji ya moto asubuhi, viungo vinyooshwe kila siku hata mtoto akikasirika, visije vikabaki vimepinda. Dominique ampime jioni, na yeye Doktari angesikiliza moyo kila ajapo. Hakuwaficha: dawa ya kuung'oa ugonjwa huo hakuwa nayo, ya kuutuliza alikuwa nayo, na watoto wengine waliuacha wenyewe wakikua.

"Basi sitapanda kamyo?" akauliza Mado, na sasa ndipo alipolia kwa kweli, maana hajawahi kupanda.

Dereva, aliyekwisha kata tamaa ya kufika mahali siku hiyo, akampakata ndani ya kamyo, akamzungusha mara moja kuizunguka dispansere, honi inalia, na watoto wa kijiji kizima nyuma wanakimbia. Dominique alikwenda kuosha kipimo, akakiosha mara tatu.

Kwenye baraza wakabaki Doktari na mkeka. Mwenye usingizi alikuwa anakoroma vizuri kuliko mchana kutwa, mkoromo wa kushiba, ingawa hakula. Mashavu yalikuwa yamelegea. Pembe moja ya mdomo ilikuwa inapanda, akaishusha, ikapanda tena.

Doktari alichuchumaa kando yake.

"Mutu wa kulala kweli," akasema taratibu, kama anayezungumza na ukuta, "ukimuchoma sindano anashtuka. Wewe asubuhi hapana kushtuka."

Mkoromo ukakosa hatua moja, ukaendelea.

"Mama Binti Amisi. Wewe umelala tangu lini?"

"Tangu asubuhi, Doktari," akajibu Binti Amisi, macho yamefumba.